Plamu za Halina

Kengele ya mlango ililia Wiesława akiwa amesimama jikoni bila kazi, viganja vimelala mezani. Alipofungua, alimkuta mwanamume asiyemjua, theluji mabegani, kofia mkononi.

"Samahani, Bi Wiesława. Naitwa Ludwik. Kanisani wameniambia wewe ndiye unayeoka kołaczki, zile biskuti za jamu za Krismasi."

"Nilikuwa naoka. Mwaka huu sioki. Duka la mikate lipo pale kwenye kona."

"Nimeshafika. Mama yangu yuko nyumba ya wazee, amekataa chakula. Anazungumzia kołaczki tu. Nikampelekea za dukani. Akaigeuza moja, akaniambia, 'Hii imekunjwa na mashine. Kaile mwenyewe.'"

"Mama yako ana ulimi."

"Ndicho kiungo pekee ambacho hakijaugua."

Wiesława alitaka kufunga mlango. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Kesho, baada ya misa. Nitampelekea kwa mkono wangu."

Neno likishatoka halirudi kinywani. Alibaki ameegemea mlango, akijilaumu.

Tangu yeye na dada yake wahamie Chicago kutoka Poland wangali wasichana, kołaczki zilikuwa kazi ya mikono minne. Wiesława alisukuma kinyunya cha siagi na jibini laini, akakikata miraba, akakutanisha pembe mbili juu ya jamu. Jamu yenyewe ilikuwa ya dada yake, Halina, aliyekoroga matunda ya plamu bila sukari tangu asubuhi hadi mwiko usimame wenyewe sufuriani. Halina alifariki majira ya machipuko. Tangu hapo Wiesława alipika chai ya kikombe kimoja, na jioni aliwasha redio ili nyumba iwe na sauti ya mtu.

Kabatini ilisalia chupa moja ya jamu hiyo. Hakuigusa. Maadamu kifuniko kilikuwa kimekaza, aliona kwamba Halina alikuwa bado hajaisha.

Kwa hiyo alinunua jamu ya dukani. Trei ya kwanza ilimwaibisha: jamu ilichemka, ikatambaa, ikaungua, na pembe zikaachana. Trei ya pili alizigandisha pembe kwa ute wa yai, akazibana kwa vidole kama anayefunga mdomo wa mtoto mbishi. Zikaachana tena. Alijua sababu. Jamu iliyojaa maji na sukari haitulii motoni. Ile ya Halina ilikaa palepale ilipowekwa.

Angeweza kumwambia Ludwik kwamba zimeharibika. Naye asingemlaumu. Lakini kulikuwa na mwanamke kitandani, amefunga kinywa chake, akingoja kitu kilichokunjwa na mkono wa mtu.

Alifungua kabati. Kifuniko kiligoma, kisha kikaachia kwa pumzi ndogo, na harufu ya plamu ikajaa jikoni kama mtu aliyeingia bila kubisha. Wiesława aliketi. Alipoinuka, alifanya kazi bila kupumzika, akaikwangua chupa hadi ikabaki kioo kitupu. Hakuonja.

Kesho yake Ludwik alimwongoza Wiesława hadi chumbani kwenye nyumba ya wazee. Mama yake, Jadwiga, alikuwa mdogo kama mto aliolalia.

"Zimekunjwa na nani?"

"Na mimi, mama."

Jadwiga aliikagua moja, akaipuliza sukari ya unga, akauma. Alitafuna polepole. Ghafla akasita, akatia vidole kinywani, akatoa kitu cheusi.

"Kipande cha kokwa. Nani kapika jamu hii? Ana haraka ya kunizika?"

"Dada yangu. Hakuvaa miwani akipika. Alisema mvuke unaiziba."

"Mwambie avae. Meno niliyobakiwa nayo nayajua kwa majina."

"Nitamwambia," Wiesława alisema.

"Wewe unasema tu kunituliza. Mwambie leo."

"Leo, mama."

Jadwiga akachukua ya pili. Ludwik aligeukia dirishani, akajifanya anaangalia theluji.

Basi la kurudi nyumbani lilipita mbele ya makaburi. Tangu mazishi, Wiesława kila alipofika hapo aligeuzia uso upande wa pili hadi ukuta wa makaburi uishe. Safari hii alibonyeza kitufe cha kushuka.

"Hapa, bibi?" dereva aliuliza. "Basi linalofuata litachelewa sana leo."

"Hapa hapa."

Theluji iliingia viatuni. Makaburi ya watu wengine yalikuwa na taa za mishumaa, nyekundu ndani ya vioo vyake. La Halina lilikuwa giza, na jina lake limefunikwa. Wiesława alilifuta kwa glavu, herufi baada ya herufi, mpaka vidole vikafa ganzi.

"Halina," alisema, "kuna bibi mmoja anasema uvae miwani."

Akangoja kidogo, kama mtu aliyezoea kujibiwa.