Dhamana ya Mzee Khare

Vasudha alirudi kutoka soko la Jabalpur, India, na mifuko miwili ya mboga, akamkuta baba mkwe wake, Mzee Trilokinath Khare, amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, vifungo vya shati vimefungwa mpaka kooni, akiitazama simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya achari.

"Usinisogelee, mkwe," akanong'ona. "Nimekamatwa."

"Na nani?"

Mzee akaonyesha simu kwa kidevu. Kwenye kioo alikuwepo bwana mwenye masharubu na shati la polisi, nyuma yake bendera. "Inspekta Rathor. Nimekamatwa kwa simu tangu asubuhi. Siruhusiwi kutoka mbele ya kamera mpaka uchunguzi uishe."

Jamani! Mtu mzima wa miaka sabini na minane, karani wa mahakama ya wilaya kwa miaka thelathini na minne, amefungwa jela na kitu cha kuchajiwa! Na alikuwa mfungwa mwema kupita kiasi. Akitaka kujikuna mgongo, aliomba ruhusa. Akitaka chooni, alikwenda na simu yake, akaigeuzia ukutani kwa adabu zote.

"Kosa lako nini, Baba?"

"Kifurushi kimenaswa uwanja wa ndege, kina jina langu. Ndani kuna madawa ya kulevya na ngozi ya chui."

"Wewe? Wewe unayeogopa hata paka wa jirani?"

"Mama, usiingilie uchunguzi!" simu ikafoka. "Mzee Khare, saa tisa kamili uwe benki. Utahamisha akiba yako yote iende kwenye akaunti ya ukaguzi ya serikali. Ikionekana safi, kesho inarudi."

Saa hiyo ilikuwa saba na robo. Akiba ile ndiyo ilikuwa dawa za mzee, operesheni yake ya macho, na ile jeuri yake ya kutomwomba mtu hata nauli. Ikienda, hakuna nyingine.

"Baba, huyu ni tapeli! Hakuna mtu anayekamatwa kwa simu!"

"Usiidharau mahakama, mkwe!"

Vasudha akampokonya simu. Mzee akaruka kutoka kitini akipiga kelele, "Mfungwa anatoroshwa! Njooni mshuhudie!" mpaka majirani wakatokeza madirishani. Vasudha akairudisha. Kwa simu yake mwenyewe akampigia mumewe, Alok, aliyekuwa akifanya kazi Muscat. Alok akasema, "Mwambie aache," akarudi kwenye mkutano wake. Haya, asante sana, mume.

Hapo hasira zikampa Vasudha akili. Mzee huyu hatoki kwa kuelezwa, atatoka kwa sheria. Akapanda ghorofa ya juu kwa Mwalimu Malti Dixit, mstaafu wa hesabu, mwanamke asiyehitaji kubembelezwa kuingia ugomvini. Dakika kumi baadaye Mwalimu alishuka na koti jeusi la mvua, miwani kwenye ncha ya pua, mkononi mchi wa kutwangia tangawizi.

"Hakimu amefika," akatangaza Vasudha. "Kuna ombi la dhamana."

"Hakimu gani tena?" simu ikauliza.

"Wa mahakama ya simu. Si unakamata watu kwa simu wewe? Haya sema, mahakama yao ipo au haipo?"

Inspekta akisema haipo, mzee amekamatwa na nini? "Ipo," akajibu shingo upande, "lakini..."

"Ipo, mheshimiwa," Mwalimu akamsahihisha.

"Ipo, mheshimiwa."

Basi, mzee akainuka. Kazi yake ya zamani ilimrudia mwili mzima. "Serikali dhidi ya Trilokinath Khareee!" akaita, mpaka mbwa wa mtaani wakabweka. "Mshtakiwa yupo?" Akazunguka kiti mbio. "Nipo!" Akarudi upande wa kwanza, akaandika kwamba yupo. Kisha akaikazia macho simu.

"Inspekta, hakimu ameingia, na wewe umekaa?"

"Mzee, mimi..."

"Simama!"

Yule mtu akasimama. Chini ya shati la polisi alivaa kaptula ya maua, miguu mitupu.

Mzee akaikodolea macho kaptula. Vasudha akafikiri, afadhali, sasa ameona mwenyewe. Wapi! "Mheshimiwa," mzee akasema kwa uchungu, "askari amekuja kortini bila suruali. Naomba aadhibiwe."

"Faini!" Mwalimu akapiga mchi mezani. "Na mshtakiwa anapewa dhamana, akiwa na mdhamini. Benki marufuku."

"Napinga!" simu ikapayuka. "Mdhamini nani, huyo mkwe? Yeye ndiye mtuhumiwa! Mzee ameandika maelezo kwa mkono wake. Asome!"

Karatasi ilikuwa pale pale mezani, kwa ule mwandiko mzuri wa kikarani. Vasudha akaisoma mwenyewe. *Mtu pekee ninayemshuku ni Vasudha, mke wa mwanangu.* Saini na tarehe ya leo.

Iliuma. Miaka kumi na mmoja ya kumkata kucha, kumpimia sukari, kumpozea chai! Alitamani kutupa dirishani simu, karatasi, na mzee mwenyewe.

"Mimi, Baba? Mimi ndiye mwizi?"

"Sikusema mwizi." Mzee alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. "Aliniuliza, nani anajua vitambulisho vyako vilipo, hati zako, dawa zako, namba yako ya siri? Nani akitaka anaweza kukumaliza? Nikawaza sana. Alok hajui hata nalalia ubavu gani. Sikuwa na jina lingine."

"Mmesikia?" inspekta akadakia. "Amekiri kwamba..."

Mzee akainamia kamera. "Wewe kavae suruali kwanza," akasema, na kwa kidole chake mwenyewe akaikata simu.

Mwalimu akapiga mchi, ingawa hakukuwa na haja. Saa tisa ilipita wakiwa wamekaa pale pale. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Alivuta karatasi mpya, akapiga mistari, akaandika *Hati ya Dhamana*.

"Jina la mdhamini?"

"Unalijua."

"Taratibu, mkwe."

"Vasudha Khare."

"Uhusiano na mshtakiwa?"

Vasudha akageukia mifuko yake ya mboga; hakutaka kumpa nafuu hiyo. Mzee akaandika mwenyewe, polepole, akamgeuzia karatasi aweke saini. Mbele ya *uhusiano* alikuwa ameandika: *Sina mwingine.*

Vasudha akasaini, akiwa bado amekasirika.