Sauti ya Lanyero

Simu ya marehemu iliita walipokuwa wakiingia Voi. Shamim alikuwa ameipakata tangu walipotoka Mombasa. Hakuwa na sababu, ila hakuna aliyemwambia aiweke wapi. Mama yake alikuwa amezikwa jana yake kabla ya alasiri, katika makaburi ya Waislamu ya mji waliokwenda kutembea tu. Moyo wa mama ulisimama alfajiri ya siku hiyohiyo. Jioni iliyotangulia walikuwa bado wanabishana waende ufuo upi.

Kioo cha simu kiliandika: Mama.

“Usipokee,” alisema baba yake kutoka kiti cha mbele, lakini kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

“Lanyero,” ilisema sauti ya upande wa pili. “Umeolewa na bahari sasa? Mbona kimya?”

Alikuwa Nyanya Atoo, mama mzazi wa marehemu. Alikaa Kampala, Bukoto, katika ghorofa ya mwanawe Okwir. Mume wa marehemu na watu wake walimwita Kulusum, jina alilolipokea pamoja na dini siku ya ndoa. Nyanya hakuwahi kulitumia hata mara moja; kwake alibaki Lanyero. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hivyo dunia ilimfikia kwa masikio.

Shamim alifungua kinywa kusema yeye si Lanyero. Kilichotoka kilikuwa, “Niko, Mama.”

Sauti ilikuwa ileile. Hata majirani wa kambi ya polisi, alikokulia Shamim, walizoea kumchanganya na mama yake.

“Kiswahili? Basi uko na wakwe.”

“Niko nao.”

“Haya,” alisema Nyanya, akaridhika. Huo ulikuwa utaratibu wa Lanyero tangu aolewe. Mbele ya Wanubi, watu wa mumewe, hakuzungumza Kiacholi, lugha ya kwao, na mama yake, mtu asije akadhani anasengenywa. Kiswahili cha kambini kilikuwa cha wote, na hakikumficha mtu yeyote.

Simu ilipokatika, Abdunoor aligeuka polepole kumtazama binti yake. Alikuwa dereva wa polisi mpaka alipostaafu. Kwa miaka mingi alikuwa pia ndiye anayetumwa kupeleka habari za kifo kwa wake wa askari. Kazi ile ilikuwa na desturi yake: unasimama, kofia kwapani, hukubali kiti wala maji mpaka umeshasema.

“Habari hiyo haipiti kwenye simu,” alisema. “Nitamwambia mwenyewe, nimesimama mbele yake. Mpaka hapo, endelea.”

“Niendelee vipi, Baba?”

“Kama ulivyoanza.”

Jibril, kaka yake, aliyekuwa ameshika usukani, alimtazama kwenye kioo. “Kwa hiyo sasa wewe ndiye mama yangu? Basi niambie nipunguze mwendo.”

Hakuna aliyecheka. Alipunguza mwendo hata hivyo.

Ganzi ilikuwa imemshika Shamim, ile ya mtu aliyechomwa sindano ya jino: unajigusa shavu, shavu ni la mwingine. Aliona tembo mbali, wamejaa vumbi jekundu, akawatazama kama anavyotazama matangazo. Nairobi walinunua chipsi, akala, na baadaye hakukumbuka kama zilikuwa na chumvi. Walilala Eldoret. Alilala fofofo, na hilo ndilo lililomtisha.

Nyanya alipiga tena asubuhi.

“Nasikia maji ya huko yana chumvi tayari. Niletee dumu, nipikie maharagwe.”

“Ninalo,” alisema Shamim. Kweli lilikuwepo, miguuni pake. Mama yake alilijaza mwenyewe, amekunja gauni magotini, akisema maji ya bahari yatamfaa Nyanya kwa miguu inayomuuma. “Ni la kukandia miguu. Ukipikia, Okwir atakufukuza.”

“Anifukuze, nije nikae kwako. Mumeo ataanza tena kunifundisha kuendesha gari, nami sioni.”

Shamim alicheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kile cha mama yake, cha puani. Abdunoor hakugeuka.

Walivuka mpaka wa Malaba. Afisa alitazama nyuso zao, akagonga muhuri. Baada ya hapo ilikuwa miwa, malori, na wauza nyama choma wakikimbilia madirisha, mishikaki mikononi. Jinja walipita juu ya mto. Mukono waliingia kituo cha mafuta, na simu ikaita.

“Shuka garini,” alisema Nyanya.

“Nini, Mama?”

“Shuka, waambie unakwenda haja. Nimeota ndoto mbaya na siwezi kukueleza mbele ya watu. Nataka unijibu kwa lugha yetu.”

Shamim alishuka. Alikwenda akasimama nyuma ya choo cha kituo, penye matairi yaliyokwisha. Nyanya akaanza kusema Kiacholi, haraka, kwa sauti ya chini. Katika yote aliyosema, Shamim alishika neno moja tu, nyara, binti yangu, lililorudi tena na tena. Kisha Nyanya akanyamaza, akingoja kujibiwa.

Angeweza kukata simu. Mtandao ungebeba lawama, na baada ya saa moja baba yake angesimama mbele ya Nyanya na kutimiza desturi yake. Lakini upande wa pili mtu alikuwa anapumua, anamngoja mwanawe.

“Nyanya,” alisema. “Ni mimi, Shamim.”

“Mpe mama yako simu.”

“Hayupo.”

“Hayupo garini, au hayupo?”

“Hayupo, Nyanya.”

Pampu ya mafuta ilikuwa inanguruma. Mtu alipita akiimba.

“Mmemleta?”

“Amezikwa Mombasa. Siku ileile.”

“Uliliona kaburi?”

“Sikuliona. Wanawake hatukwenda.”

“Kwa hiyo hakuna wa tumbo langu aliyesimama pale.”

“Jibril alikuwepo.”

“Nimekuwa nikizungumza na wewe tangu wapi?”

“Tangu Voi.”

“Hata ulipocheka?”

“Hata nilipocheka.”

Simu ikakatwa. Shamim alirudi garini. “Nimemwambia,” alisema. Jibril akawasha gari.

Bukoto walikuta viti vimeshatolewa nje na majirani wamekaa. Okwir alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, hakumpa shemeji yake mkono. Nyanya Atoo alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso umeelekea geti. Okwir alisogeza kiti. Abdunoor hakukikalia. Alivua kofia yake ya sala, akaiweka kwapani, akasema yote: saa ya kifo, hospitali, waliomuosha, mahali alipolala. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho, kama mtu asiyejua lolote.

“Nimesikia,” alisema. “Sasa kaa. Kuhusu kumwacha huko, tutazungumza wewe na mimi, lakini si leo.”

Abdunoor akakaa. Shamim alikwenda akapiga magoti mkekani.

“Nyanya, poleni,” alianza.

Uso wa Nyanya ulikunjamana ghafla kama aliyepigwa. Akanyoosha mkono, akapapasa bega, shingo, kidevu, akaufikia mdomo wa mjukuu wake na kuufunika kwa kiganja.

“Usiseme,” alisema. “Kaa hapa, lakini usiseme.”

Kiganja kilikuwa kikavu na chenye joto. Shamim alitikisa kichwa chini yake kukubali, akakaa, na mkono ule haukuondoka.