Macho ya Jiwe la Hestholm

Merran hakutaka kabisa kushuka kaburini, ila angefanyaje? Kesho baba yake, mzee Mansie, alikuwa anapanda feri kwenda kuishi kwenye nyumba ya wazee mjini. Na huko visiwani kwao mtu anayehama moja kwa moja haondoki hivi hivi. Anavushwa hadi Hestholm, kisiwa cha kondoo watupu, anaingia kwenye kaburi la watu wa enzi za mawe, anaweka kiganja juu ya jiwe lililochongwa macho. Hapo ndipo ameaga. Asipoligusa, basi hajahama, hata akaishi Australia.

Ni Merran aliyeamua baba yake ahame, baada ya kumkuta ameanguka jikoni. Tangu siku ile roho yake haikutulia.

Davo, mumewe, aliwashusha ufukweni, akaenda zake na boti kukagua mitego yake ya kamba wa baharini. Baba na binti wakapanda kilimani, wakafungua kifuniko cha chuma, wakashuka kwa ngazi.

"Shika vizuri, baba!"

"Nimeshika. Nilikuwa nashuka humu wewe hujazaliwa, usinifundishe."

Wakatembea wameinama mpaka kwenye jiwe. Merran akalimulika kwa tochi. Macho yale yakawatazama.

"Haya, baba."

Mzee akasimama tu. Mara huko juu wakasikia ngo! Mwanga wa nje ukakatika.

Alikuwa Tammo, mwenye kondoo. Watu wa visiwa vile wakiona kifuniko kiko wazi wanakifunga bila hata kuchungulia, maana kondoo hutumbukia. Wamelelewa hivyo. Ufukweni hakuona boti, basi yeye atajuaje? Akafunga na komeo.

Merran akapanda ngazi mbio, akasukuma kwa bega. Wapi! "Tammo! Wee Tammo!"

Kimya.

"Baba, dawa yako ya moyo iko wapi?"

"Kwenye koti."

"Na koti?"

Mzee akakohoa. "Kwenye boti."

Ee Mungu wangu! Merran akakigonga kifuniko kwa tochi, akagonga, akagonga, mpaka tochi yenyewe ikazimika.

"Punguza kelele, utawaamsha wenyewe," mzee akasema gizani.

"Baba, huu si wakati wa utani!"

"Kwani nacheka? Kifua kinanibana kidogo."

Merran akashuka akipapasa, akamkuta amekaa chini, anavuta pumzi kwa shida. Akamkumbatia. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Alitaka kumpeleka mjini ili asife peke yake jikoni, na sasa anamfia mikononi, ndani ya kaburi.

"Usife, baba. Tafadhali usife."

"Najitahidi, mwanangu."

Ndipo mbwa akabweka juu yao. Komeo likalia, kifuniko kikainuka kidogo tu.

"Ni... ni nani huko?" Sauti ilikuwa inatetemeka.

"Merran! Fungua, mjinga wewe! Baba anaumwa!"

Tammo alikuwa mweupe kama chaki. "Nimesikia kugonga chini ya ardhi, nikatimua mbio mpaka ufukweni. Huyu mbwa ndiye kakataa kuondoka, ikabidi nimrudie." Alipoelewa kilichompata mzee, akatoa mfukoni dawa yake ya kupulizia chini ya ulimi. "Ni ileile. Wazee wa huku sote tuna moyo mmoja mbovu."

Mzee akapuliza, wakangoja, pumzi ikarudi. Davo alipofika walimpandisha kwenye boti taratibu. Injini ikawashwa.

"Jiwe mligusa lakini?" Davo akauliza.

"Na giza lile?" mzee akajibu haraka.

Merran akamgeukia. "Baba. Nilikumulikia jiwe kabla ya giza. Mikono ilikuwa wapi?"

Mzee akaangalia maji. "Mfukoni. Ilikuwa inaona baridi."

Merran akamtazama, machozi yakamlengalenga. Kumbe hakuja kuaga.

"Nigeuze boti?" Davo akauliza. "Feri ni kesho asubuhi."

Merran akachukua koti, akamvika baba yake, akamfunga vifungo mpaka shingoni.

"Twende nyumbani," akasema. "Mtu hajaaga, anaondokaje?"