Mtani Aliyeingia kwa Adabu

Mdomo wangu hauna breki, na sijawahi kulificha hilo. Ndiyo maana Padre alipotangaza kwamba Sista Yuliana atapanda kutoka mjini kufundisha waumini kumi kazi ya kuwatembelea wagonjwa majumbani, na mimi nikanyoosha mkono, kanisa zima liligeuka kunitazama. Wengine walicheka waziwazi. Nilikasirika, nikanyoosha na wa pili.

Mama yangu alikufa chumba kimejaa watu wakizungumzia sukari ilivyoadimika dukani, wala hakuna aliyemuuliza yeye anajisikiaje. Mimi nikiwemo. Kazi ile niliitaka kweli.

Tulifundishwa kila Ijumaa mchana, tukitoka shamba la kijiji, mikono bado ina udongo. Sista alitandika mkeka katikati ya chumba, mmoja wetu akalala akajifanya mgonjwa, mwingine akaingia kumtembelea. Alipolala Paskalia, niliingia nikamweleza habari za tumbo langu la mwaka juzi, jinsi mume wangu alivyohangaika kutafuta gari la kunipeleka Morogoro, na dawa chungu niliyopewa. Sista akatazama saa.

"Felista, dakika nane. Mgonjwa wako hajapata hata nafasi ya kuomba maji."

Walicheka mpaka Paskalia mwenyewe akafufuka.

Nikaazimia kubadilika. Ingia polepole. Salimia kwa sauti ya chini. Kaa, nyamaza, ngoja. Niliyakariri hayo kama Baba Yetu.

Sista alipotugawia nyumba, mimi nilipewa Mzee Alois. Miguu ilikuwa imemvimba, kifua kinambana, na hospitali walikuwa wamemrudisha akapumzike nyumbani. Sikumwambia Sista, kwa sababu hakuniuliza nami sikuona lina uzito, kwamba mzee huyo ni mtani wangu. Ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za mababu: sisi tunawazika wao, wao wanatuzika sisi, na kabla ya hapo tunatukanana. Miaka ishirini sikuwahi kupita uani kwake bila kumwita mwizi wa maharage, naye hakuwahi kunijibu bila kuuliza kama mume wangu ameshapata mke.

Jumatano ile nilivua kandambili mlangoni.

"Shikamoo, baba," nikasema taratibu. "Pole sana."

Nikakaa kwenye kigoda, nikamshika mkono, nikanyamaza. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Felista? Ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa, kwa upole kabisa. Akautoa mkono wake, akageukia ukutani. Nikaona amepata amani. Ijumaa nilisimulia darasani, wenzangu wakanipigia makofi, nami nikavimba kichwa.

Jumamosi asubuhi binti yake, Veronika, alinikuta kwenye matuta yangu ya kabichi. Hakunisalimu.

"Dada Felista, ulimwambia nini baba?"

"Sikumwambia kitu!"

"Basi ndicho hicho. Tangu utoke hali chakula. Anasema, mtani wangu ameingia kwa adabu, maana yake mmeshanizika. Ametuagiza tutoe shuka nyeupe iliyo sandukuni."

Jembe liliniponyoka. Nilimfahamu yule mzee: akishaamua jambo, hageuki. Nilikuwa nimemtangazia kifo chake kwa heshima zangu zote.

Niliteremka mbio hadi misheni, Sista alikofikia. Sista alinisikiliza mpaka mwisho bila kunigombeza, na hapo ndipo nilipolia.

"Nilikufundisha kunyamaza ili mgonjwa apate nafasi ya kusema," aliniambia, huku akitafuta viatu vyake. "Huyu alikuwa anangoja wewe useme. Twende, ukafanye unavyofanya siku zote."

"Na ile sauti ya chini?"

"Felista, twende."

Tulipofika uani nikasita. Kumtukana mtu aliyekataa chakula, tena mbele ya sista! Nikajikaza.

"Hodi, wenyewe!" nikapaza sauti. "Nimesikia mwizi wa maharage anakufa! Nimekuja kuchukua jogoo wake kabla ndugu hawajagawana!"

Veronika alisimama mlangoni, kiganja mdomoni.

"Na ile sufuria kubwa! Na kitanda! Inuka, mzee, nikipime kama kitaenea kwangu!"

Ndani hakikutoka hata kikohozi. Nikaingia hivyo hivyo na viatu vyangu. Alikuwa amegeukia ukuta, mabega yamekonda chini ya blanketi. Nilikishika kitanda nikakitikisa.

"Mvivu we! Unataka kufa kabla ya kupalilia shamba la kijiji?"

Blanketi likatikisika. Nilidhani analia.

"Kitanda hiki," ikasema sauti nyembamba kutoka ukutani, "hakiyawezi makalio yako."

Sista Yuliana alicheka kabla yangu. Mimi sikuweza, nilikuwa nalia. Mzee akageuka, macho yake yamelowa.

"Ulikuwa wapi Jumatano?" akaniuliza. "Alikuja mwanamke hapa ana sura kama yako, akanitisha sana."

Nikamwomba radhi. Alikunywa uji wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ambao siku zote aliuita chakula cha kuku, vijiko sita. Kisha akatoa lililokuwa likimsumbua. Kufa hakukuogopa. Aliogopa kwamba watu siku hizi wamehamishwa huku na huku, watani wametawanyika, vijana nao wanaona aibu. Atazikwa kama mgeni, watu wamenuna. Nikamwahidi kwamba mimi nitakuwapo. Aliendelea kusema, ya mkewe marehemu, ya mama yake, ya shamba la mlimani, nami nilisikiliza bila kukumbuka kwamba nasikiliza.

Aliishi siku kumi na tisa zaidi. Padre alipanda kumpaka mafuta, naye mzee akapokea na Komunyo. Mimi nilikwenda kila siku, na kila siku nilimtukana, na nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowahi kujua.

Siku ya maziko, kama ilivyo kazi ya mtani kumwigiza marehemu, nilivaa koti lake, nikashika fimbo yake, nikazunguka kaburi nikiwafokea wachimbaji kwamba wananichimbia shimo jembamba. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Kisha nikakohoa kikohozi chake, kile kirefu kilichokuwa kikimkamata asubuhi.

Veronika alikuwa amekaa chini na wanawake. Aliinuka haraka, mkono wake ukitafuta kikombe cha maji, ndipo akakumbuka. Nilijuta, nikaanza kulivua koti. Yeye akanijia, akavifunga tena vifungo kimoja kimoja, mpaka cha shingoni, kama alivyokuwa akimfungia baba yake.

"Kohoa tena," akaniambia.