Manyoya Ndani ya Mwanzi

Mwaka ule mvua ilitupiga siku kumi na tisa mfululizo, ikaziharibu brashi zote za wifi yangu Xun.

Xun, mke wa kaka yangu Kai, alikuwa fundi wa brashi za kuandikia. Aliyapanga manyoya ya sungura kuzunguka ncha ya kijiti, akayafunga kwa uzi wa hariri, akapaka utomvu juu. Ndivyo walivyofanya mafundi wote wa nchi yetu ya Chu tuliowajua. Ila unyevu ukizidi, uzi hulegea, manyoya yakapukutika.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa karani Dou Pang aliingia mbio, joho limelowa hadi magotini.

"Xun! Brashi yako imeota kipara!"

"Karani, si tusalimiane kwanza?"

"Salamu baadaye! Mkuu wa wilaya amekubali wanaume thelathini warudishwe kutoka kazi ya kujenga ukuta wa mpakani. Mjumbe anaondoka adhuhuri. Nimefika jina la kumi na mbili, na kila nikivuta mstari, unyoya unang'oka, wino unasambaa. Jina lisilosomeka, mwenyewe harudi!"

Kaka yangu alikuwa huko, nikadakia: "Na Kai je?"

"Wa ishirini na sita."

Xun akavamia kikapu chake, akazikung'uta brashi moja moja. Zote zilimwaga manyoya. Akageuka, akanitazama pale mekoni nilipokuwa nikipuliza moto kwa kimwanzi chembamba, akanipokonya mdomoni.

"Wifi, umerukwa na akili? Moto utazimika!"

"Ole wako uzimike! Yeyusha utomvu wa msonobari!"

Akakata kimwanzi vipande viwili. Akafunga mashina ya manyoya, akayachovya kwenye utomvu wa moto, akayasukuma ndani ya tundu. Yakazama yote.

"Umeyazika," nikasema.

"Nyamaza, shika hapa!"

Kwenye kipande cha pili alifunga fungu nene zaidi. Likaingia kwa shida, likakwama, ncha ikabaki nje imechongoka kama chipukizi la mwanzi. Akaivuta kwa meno. Haukutoka hata unyoya!

Tulikimbia kwenye matope hadi ofisi ya wilaya, karani mbele, sisi nyuma. Farasi walikuwa wameshafungwa kwenye gari la mjumbe. Nikazishika hatamu.

"We mama, achia!" mwendeshaji akafoka.

"Sikuachii! Nipige ukitaka!"

"Mjumbe atanikata kichwa!"

"Mwambie mwanamke mwendawazimu kakushika!"

Ndani ya ofisi, mlango ukiwa wazi, Dou Pang alichovya wino, akaandika kwenye kibao cha mwanzi. Mstari mnene, kisha mwembamba, safi. Akaguna. Akaandika kingine. Kisha akaanza kucheka peke yake, mkono ukienda kasi.

"Inashika wino, jamani! Majina matatu kwa kuchovya mara moja!"

"Andika, usihutubie!" Xun akampigia kelele, karani mzima wa serikali.

Jina la Kai, la ishirini na sita, lilisomeka toka mlangoni. Vibao thelathini vikafungwa kamba, vikatupwa garini, nami nikaachia hatamu.

Siku ya thelathini na tano tangu hapo nilikuwa nikianika mtama uani. Mtu mwembamba, ndevu zimevurugika, akasimama langoni akiwa na kifurushi begani.

"Dada, kuna uji?"

Nilipiga ukelele majirani wakatoka na ndoo, wakidhani nyumba inaungua. Xun aliwapita wote mbio, miguu mitupu, hadi kwa mumewe.