Siku Maingi Aliponiita Mama

Barua ya nyumba nilikuwa nimeiweka ndani ya Biblia isikunjike. Ilisema nyumba ile ni ya wafanyakazi wa baraza la jiji, na kwa kuwa mume wangu Nyamai, aliyekuwa dereva, amefariki, mimi na mjukuu wangu Ndindi tuhame Desemba ikiisha. Karani wa nyumba aliniambia njia ni moja tu: diwani aniandikie barua ya kunitetea.

Diwani mpya alikuwa Maingi. Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa, na Jumamosi hiyo alikuja kwenye ukumbi wa mtaa wetu kutoa hotuba yake ya kwanza baada ya kuapishwa. Tuliambiwa akimaliza tutauliza maswali. Jirani yangu Truphena alinishikia nafasi benchi la mbele tangu saa mbili, akanitandikia leso yake.

"Usimwogope," akaninong'oneza. "Sema shida yako, uketi."

Maingi alizungumza vizuri. Hakusema mimi, alisema sisi. Sisi tuliochota maji mfereji mmoja. Sisi tuliolala wanane chumba kimoja. Akauliza, "Nani ameshinda?" Watu wakajibu, "Sisi." Hata mimi nilijibu. Kisha akaniona, barua mkononi.

"Huyu mnamjua?" akasema. "Huyu ni mwaitu, mama yangu. Nilipokuwa naenda shule na njaa, uji wake ndio nilikunywa. Mwaitu, simama wakuone."

Ni kweli nilimpa uji, mara mbili tatu hivi, mama yake alipolazwa hospitali. Sikujua kwamba anakumbuka. Machozi yakanitoka. Akashuka jukwaani, akaushika mkono wangu wenye barua, akauinua juu pamoja na wake.

"Kuna mtu atakosa mahali pa kulala mtaa huu, na mama yangu yumo?"

"Hakuna," wakajibu wote.

Nilifungua mdomo. Ningesema nini? Kwamba atakayekosa ni mimi? Watu walinitazama kwa furaha, na yeye alikuwa ameniheshimu kuliko wanangu wa kuzaa. Nikapiga makofi. Maswali hayakuulizwa, Maingi alikuwa anangojwa kwenye mkutano mwingine mtaa wa Tena.

Tulipotoka, Kitonga mchonga vinyago alinifungulia njia kwa mikono miwili. "Pisheni mama wa mkubwa. Kesho hata kumsalimu itabidi tuandike barua."

Nilienda ofisini kwa Maingi mara nne. Kila mara msichana wa pale alisimama, akanipa kiti chake na chai ya maziwa. Kila mara Maingi alikuwa mkutanoni. Nikarudi kwa karani wa nyumba kumwomba anivumilie kidogo. Akacheka, bila ubaya.

"Mama, wewe wa kuniomba mimi? Si mtoto wako ndiye diwani?"

Siku ya mwisho ya Desemba Truphena alileta mkokoteni. Yeye peke yake nilikuwa nimemwambia ukweli. Kitonga alitusaidia mimi na Ndindi kupakia kitanda, na majirani wakatoka kuniaga.

"Maingi amekupatia zile nyumba mpya za Buruburu, eh?" Kitonga akauliza. "Usitusahau huko."

"Ni hapo mbele tu," nikasema.

 Truphena alivuta mkokoteni moja kwa moja, kama mtu anayeenda Buruburu kweli, mpaka tukapita kona na hakuna aliyeweza kutuona. Hapo ndipo akaugeuza kuelekea mabanda ya Mathare.