Sanduku la Mvule Lililotobolewa

Wajukuu zangu huingiza mikono kwenye tundu la sanduku langu kuniibia kashata, na kila mmoja ana hadithi yake kuhusu tundu lenyewe: panya, moto, risasi ya Mjerumani. Ni la mviringo, pana kama sinia dogo. Lilikatwa kwa msumeno mwaka hamsini na sita, na mie nilisimama kando nikichekelea.

Nilikuwa mwimbaji wa bendi yetu ya Temeke, mwanamke peke yangu. Mkubwa wetu alikuwa Gozbert, mpiga gitaa, niliyetoka naye Bukoba kwa meli moja, nikimwita kaka. Sauti yangu ilikuwa tamu lakini nyembamba, tarumbeta ikiimeza kila dansi. Wenzetu wakaanza kunong'ona atafutwe mwimbaji mwanamume.

"Hapana," Gozbert akasema. "Tutanunua amplifaya. Apolonia atasikika mpaka Chang'ombe."

Tukaenda naye kwa mzee Bandali, muuza redio. Akatutolea amplifaya mbili, akazifuta vumbi taratibu.

"Angalia, binti. Hii kubwa, nguvu sana, lakini tundu moja. Gitaa tu. Hii ndogo, nguvu kidogo, tundu mbili: gitaa huku, maikrofoni huku."

"Chagua wewe, dada," Gozbert akaniambia. "Sauti ni yako."

Nikachagua ndogo. Hata hiyo ilitushinda bei, kwa ajili ya sanduku lake la spika. Bandali akakuna ndevu. "Sanduku ya nini ununue? Mimi takupa spika peke yake. Leta sanduku ya mbao nzito, fundi akate tundu. Itaimba tu."

Mbao nzito nilikuwa nayo. Mama alinipa sanduku la mvule siku naondoka kwetu, pembe zake zimeunganishwa kwa meno, hakuna msumari. Ndani mlikuwa na nguo za harusi yangu, harusi ambayo bado haikuwa na bwana. Nikazitoa, nikazifunga kwenye shuka.

Mauwa, jirani yangu Mzaramo, akaona sanduku linatolewa.

"We Apolonia! Huku pwani sanduku hutoka kwa mume. Nyie wa bara ndio mnampelekea mwanamume kwake?"

"Si la harusi, shoga. La spika."

"Haya. Likirudi tupu usinililie."

Fundi Revelian, aliyetutengenezea vyombo vya bendi, akakata. Kipande kilichodondoka nikakiokota, kikawa kifuniko cha mtungi wangu.

Dansi lilikuwa Jumapili alasiri. Ukumbini umeme ulishafika, majumbani bado. Nikapanda jukwaani na waya wa maikrofoni mkononi, nikainua kitambaa kilichofunika amplifaya. Ilikuwa ile kubwa. Nikapapasa mbele, nyuma, mpaka chini. Tundu moja tu, na waya wa gitaa umeshaingia.

"Kaka, maikrofoni nachomeka wapi?"

"Tulibadilisha," akajibu huku akikaza nyuzi. "Sanduku lako lilitupunguzia gharama, tukaimudu kubwa. Wenzio wote waliafiki."

Nikawatazama mmoja mmoja. Mwenye tarumbeta akaanza kuifuta. Mpiga ngoma akainamia kiatu.

"Ulisema sauti ni yangu."

"Si unayo? Amplifaya ni ya bendi."

Wakapiga. Gitaa likatoka ndani ya mvule wa mama yangu, zito, la kutetemesha kifua. Uongo sisemi, lilikuwa zuri. Nikaimba na mwenyewe sijisikii.

"Paza, dada!" wakapiga kelele huko mbele. "Mwimbaji kaumwa jino!"

Wimbo ulipokwisha nikamfuata Revelian. "Fundi, bisibisi."

"Dansi halijaisha, dada."

"Amplifaya ni ya bendi. Sanduku ni la nani?"

Akanipa. Nikafungua skrubu nne bila haraka, nikaitoa spika bila kuchomoa waya zake, nikailaza juu ya koti la Gozbert. Akajaribu kupiga. Likatoka gitaa jembamba, kama mbu chupani. Spika bila sanduku ndivyo ilivyo.

"Paza, kaka!" mtu akapiga kelele.

Revelian akanisaidia kubeba, upande huu yeye, ule mie, bila kuniangalia usoni. Naye alijua kuwa waliibadilisha.

Tulipofika nyumbani Mauwa alikuwa barazani. Nikangoja acheke.

"Limerudi tupu?"

"Tupu, na limetobolewa."

Akainuka, akampokea Revelian upande wake. "Zile nguo ziko wapi?" akauliza. "Tuzirudishe."